Mgeni Hajakuchukulia Fremu: Kwa Makamanda Wanaoshangilia Amri ya Julai 28

 

Naandika kwa sababu tangu Julai 28, 2025 magrupu yetu yamejaa vigelegele. Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa Amri ya kuwakataza watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Vijana wa upinzani, watu ambao siku zote serikali hii ikisema leo ni Jumatatu wao hukimbilia kalenda kuhakikisha, wanalisambaza tangazo hilo kama kadi ya harusi. Hata lile neno "anaupiga mwingi", ambalo kwetu sisi ni la kejeli, safari hii nimeliona limeandikwa bila kejeli, na kamanda ninayemheshimu.

Mimi nasema tumepigwa chenga. Tena chenga ya mchana kweupe.

Tuanze na kuisoma Amri yenyewe, maana wengi mnaoishangilia mmeona picha ya ukurasa wa kwanza tu. Ni Tangazo la Serikali Namba 487A la 2025, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Inataja uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, usafi wa majumbani na maofisini, uchimbaji mdogo, uongozaji watalii, udalali, uwakala wa forodha, kununua mazao shambani, viwanda vidogo na kadhalika. Mgeni akikutwa, faini si chini ya milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali chake cha ukaazi kinafutwa. Mtanzania atakayemsaidia naye ana adhabu yake, milioni 5 au miezi mitatu. Leseni zilizokwisha kutolewa zinaendelea mpaka muda wake uishe.

Sasa angalieni kilichoachwa nje. Kwenye uuzaji wa bidhaa, supamaketi zimeachwa. Kwenye michezo ya kubahatisha, mashine zilizomo ndani ya kasino zimeachwa. Kwa hiyo mgeni mwenye mtaji wa kujenga supamaketi anakaribishwa, mgeni mwenye kasino anakaribishwa, lakini Mrundi anayenyoa nywele kwenye fremu ya kukodi huyo ndiye hatari kwa taifa. Jamani, hivi hapo mnashangilia nini? Mtu yuleyule aliyekuwa anatusumbua kwa mtaji mkubwa amefunguliwa mlango wa mbele, na aliyekuwa anahangaika kama sisi ndiye anafukuzwa.

Na siku zinavyopangana, utadhani kuna mtu anatutania. Amri ilitoka Julai 28. Siku tatu baadaye, Julai 31, Rais alikuwa hapa kwetu mkoa wa Pwani, Kwala, akizindua Bandari Kavu na kongani ya viwanda. Kule wawekezaji wa Kichina wanaitwa ndugu, na nchi jirani kama Congo, Burundi, Rwanda na Zambia zimetengewa maeneo ya kuhudumia mizigo yao. Siipingi Kwala. Naitaka Kwala, na naitaka ifanye kazi. Ninachosema ni kwamba huwezi Alhamisi kumwambia mgeni "uchumi wetu unakuhitaji" wakati Jumatatu ya wiki hiyohiyo umewaambia wananchi "mgeni ndiye anayewanyang'anya riziki", halafu ukategemea watu wenye akili wasiulize kipi ndicho sera.

Mimi ni wa Misugusugu. Kwa msiopajua, mkitoka Dar kwa barabara ya Morogoro mkiipita Kibaha Maili Moja, mnakuja kwetu. Malori ya transiti yanasimama hapa kukaguliwa na TRA kabla ya kuendelea na safari. Ukiniuliza uchumi wa Misugusugu ni nini, nitakujibu ni breki. Lori likifunga breki, mtu anakula. Dereva wa Zambia anataka wali maharage na chai. Utingo wa Kikongo anataka bando, anataka kuoga, anataka mahali pa kulala. Tairi likitoboka yupo fundi pancha, na fundi pancha anamtuma kijana dukani kununua soda. Hakuna hata mmoja wa madereva wale aliyekuja hapa kwa ajili ya kutupenda, na sisi hatujawahi kuwadai watupende. Tunawadai walipe, nao wanalipa.

Najua mtaniambia dereva anapita, hakai, kwa hiyo si mhamiaji. Haya, twende kwa wanaokaa. Pandeni kidogo mpaka Zegereni, kwenye viwanda. Mle ndani kuna mafundi wa nje waliokuja na mashine zao, wanaojua kuzifungua na kuzifunga. Kila fundi mmoja wa aina hiyo, kama sheria inafuatwa, anatakiwa kuwa na Mtanzania pembeni anayejifunza kazi yake. Hiyo imo kwenye Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, hatukuitunga sisi wapinzani. Nyuma ya mafundi hao kuna nyumba zilizopangishwa, mama wa mboga, bodaboda wa asubuhi na jioni, na fremu ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa vichaka.

Kibaha yenyewe, mnasahau? Shirika la Elimu Kibaha, shule ambayo nusu ya mawaziri wanajigamba kusoma pale, hospitali ya Tumbi, vyote vilianza kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki miaka ya mwanzo ya uhuru. Wageni wale walikuja na familia zao, wakaishi, wakafundisha, na 1970 mradi ukakabidhiwa kwetu. Hakuna mzee Kibaha anayesema Wanordiki walimchukulia nafasi. Na kama mnataka cha karibuni zaidi, nendeni Kwa Mfipa mkaione Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere, iliyozinduliwa 2022, iliyojengwa kwa fedha za Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya CCM na vyama vingine vitano vya ukombozi. Chama kinachojengewa darasa na mgeni ndicho kinachomwambia machinga kwamba adui yake ni mgeni. Mimi naliacha hapo, endeleeni wenyewe.

Sasa nije kwenye malalamiko ya kweli, maana siyo yote ni uzushi. Kariakoo wafanyabiashara wana hasira na wana haki ya kuwa na hasira. Mchina anayeingiza kontena kutoka kiwandani Guangzhou na kuliuza pea mojamoja mlangoni anamuua mtu aliyenunua jumla kwake. Hilo nalikubali. Lakini kumbukeni walipofunga maduka Mei 2023, na wakafunga tena Juni 2024, walikuwa wanalia nini kwa sauti ya juu kuliko zote? Kodi. Kamatakamata ya TRA. Usajili wa stoo. Ukaguzi wa risiti barabarani, mteja wa Malawi au Comoro anasimamishwa na mzigo wake mpaka anaapa kwamba harudi tena Kariakoo. Mgeni alikuwemo kwenye orodha, lakini hakuwa juu ya orodha. Serikali ikaichukua orodha nzima, ikachagua kile kipengele ambacho hakiigharimu shilingi hata moja, ikakisaini kwa mbwembwe. Mfumo wa kodi uko palepale. Na mwenye fremu aliyekuwa anadai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa dola, yupo palepale pia, na huyo ni Mtanzania mwenzetu kabisa.

Tena Kariakoo inaishi kwa nani? Muulizeni winga yeyote wa mtaa wa Kongo siku nzuri kwake ni ipi. Atakwambia ni siku wanaposhuka wateja wa Lubumbashi, wa Lusaka, wa Lilongwe. Wateja hao hawaji hewani tu. Wana watu wao wanaoishi hapa, wanaojua bei, wanaokusanya mzigo, wanaohangaika na forodha. Hao ndio Amri inawaita madalali na mawakala wasio raia. Ukimtoa yule anayemfahamu mteja kwa lugha yake, mteja ana miguu. Dubai ipo, na Guangzhou kwenyewe kupo.

Kipengele cha kununua mazao shambani ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu kimepita kimyakimya. Mnunuzi wa Kenya anakwenda Muheza kununua machungwa, anakwenda Mang'ola kununua vitunguu. Anaingia na fuso yake na pesa taslimu. Mkulima anapokuwa na wanunuzi watatu, mmoja kutoka Nairobi, mmoja Dar, mmoja Arusha, anaweza kukataa bei. Ukimtoa wa Nairobi, wanabaki wawili, nao wanajuana. Mtaniambia Wakenya wanapunja. Wanapunja ndiyo, wapo wanaopunja. Lakini lumbesa haikuletwa na Mkenya. Bingwa wa lumbesa nchi hii ni dalali wa Kitanzania, mwenye kitambulisho cha NIDA, na Amri hii imemwachia shamba zima peke yake.

Malalamiko mengine ya kweli ni ya viwandani. Nina jirani yangu, kijana wa rika langu, amefanya kazi miezi minane kwenye kiwanda kimoja huku kwetu, sitakitaja. Analipwa kwa siku. Hana mkataba, hana hata karatasi inayosema kazi yake ni nini. Akiumwa Jumanne, Jumatano mtu mwingine kashika nafasi. Msimamizi ni mgeni asiyejua Kiswahili zaidi ya "haraka" na "ondoka". Jirani yangu huyo ndiye aliyenitumia tangazo la Amri akaandika, "Dada, sasa wameipata." Nikamuuliza, wamepata nini? Kiwanda chako ni kikubwa, Amri haikigusi. Msimamizi wako kesho asubuhi utamkuta getini. Kitu kinachokulinda wewe ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, kinachomtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako. Kipo tangu hatujaanza shule. Kinachokosekana ni mkaguzi wa kazi anayeshuka kwenye gari na kuingia ndani bila kupokelewa na bahasha. Ajabu ni kwamba kwa fremu za Kariakoo wakaguzi wamepatikana siku hiyohiyo.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, makamanda. Mgeni anapolindwa na sheria na kubanwa na sheria, uchumi unapata kodi, ujuzi, kodi ya pango na ushindani. Mgeni anapowekwa nje ya sheria hatoweki. Anamtafuta Mtanzania mmoja, anamwandikisha kwenye leseni, anamlipa laki mbili kwa mwezi akae nyumbani, na biashara inaendelea bila jina lake kuonekana popote. TRA haimwoni tena, Uhamiaji wanamwona mwisho wa mwezi tu, wakija kuchukua chao. Ndiyo maana Amri imeweka adhabu kwa Mtanzania anayesaidia. Walioiandika wanajua kabisa kitakachotokea.

Na Afrika Mashariki tumeshaliona hili likifanyika kwa ukubwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Vijana wa Kampala walishangilia mitaani, nao walikuwa na hasira ya kweli, kwa sababu biashara kwa kweli ilikuwa mikononi mwa wachache. Maduka yakagawiwa kwa wanajeshi na marafiki wa wakubwa. Baada ya muda sukari ikawa bidhaa ya magendo katika nchi yenye mashamba ya Kakira na Lugazi. Chumvi na sabuni zikapangiwa foleni. Mganda wa kawaida hakupata duka, alipata foleni. Serikali zilizofuata zikaja kutunga sheria ya kurudisha mali zile, na miaka ya 90 Museveni alikuwa anawabembeleza watoto wa waliofukuzwa warudi. Sisemi Jafo ni Amin. Nasema vigelegele vinafanana.

Upande wa pili tunao mfano wetu wenyewe, mzuri kiasi kwamba sijui kwa nini hatuusemi. Mwaka 1972 huohuo Warundi walikimbia mauaji kwao wakaingia kwetu. Serikali ikawapa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hawakupewa mji, walipewa pori lenye mbung'o. Wakalifyeka. Wakalima mahindi, wakalima tumbaku, wakajilisha wenyewe, wakaanza kuwalisha na wengine. Mwaka 2007 waliulizwa wanataka kurudi au kubaki, na wengi wao wakachagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Halafu mambo yakakwama. Eti lazima wahame mapori yale waliyoyafyeka na kutawanywa mikoa mingine, na viongozi wa mikoa hiyo nao wakaanza kunung'unika. Miaka minne watu wamekubaliwa kuwa raia na hawana karatasi. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014 tu. Katikati ya miaka hiyo, 2013, Kagera ikashuhudia Operesheni Kimbunga. Makumi ya maelfu ya watu walivushwa mpaka kuingia Rwanda na kwingineko, wakiwemo waliozaliwa hapa, na waume wakatenganishwa na wake. Yote hayo yalikuja wakati Rais Kikwete na Kagame hawapikiki chungu kimoja. Kwa hiyo mtu wa Karagwe anayepanda ndizi alilipa deni la ugomvi wa marais wawili ambao hata hakuwapigia kura.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na hapa siibebi CCM peke yake.

Tunayo namna moja tu ya kuzungumzia wageni nchi hii, nayo ni kupimana nani mzalendo zaidi. Chukueni uraia pacha. Kenya waliuruhusu kwenye Katiba yao ya 2010. Uganda wameuruhusu, Rwanda wameuruhusu, Burundi wameuruhusu. Sisi Sheria yetu ya Uraia, Sura ya 357, inamtaka Mtanzania anayechukua uraia wa kwingine akiwa mtu mzima auache huu. Wakenya walioko nje walituma kwao karibu dola bilioni 5 kwa mwaka 2024 pekee. Zetu hazifiki hata bilioni moja. Sisemi tofauti yote ni uraia pacha, wao wana watu wengi nje na mabenki yaliyojipanga. Lakini mtu unayemwambia "ukichukua pasi ya Kanada wewe si wetu" usimshangae akijenga nyumba Kanada.

Swali hilo lilifika kwenye meza kubwa kuliko zote, Bunge Maalum la Katiba, 2014. Nilikuwa darasa la tano, nakumbuka redio tu. Hata Rasimu ya Warioba haikuthubutu kusema uraia pacha, ilisema hadhi maalumu kwa waliowahi kuwa Watanzania. Kitu kidogo hicho. Lakini kila kitu kidogo kilifungwa kamba moja na swali la serikali mbili au tatu. CCM ikakataa kusikia tatu, sisi na wenzetu wa UKAWA tukatoka nje Aprili 16, wao wakapitisha ya kwao Oktoba, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo tunaisubiri. Kutoka kwetu kulikuwa halali, mtu akinishika mdomoni nitakutetea mpaka jua lizame. Lakini ardhi, uraia, haki za wahamiaji, vyote vilibaki mle ndani kama abiria kwenye basi lililozimika, kwa sababu madereva wawili wanagombea usukani. Hadhi maalumu imekuja kuingizwa kwenye sheria 2025. Miaka 11 kwa jambo ambalo pande zote mbili zilikuwa hazina ugomvi nalo!

Na mkwamo wa sasa ni mbaya kuliko ule, kwa sababu hauna hata pande mbili. Baada ya 2020 chama chetu kilibaki na jimbo moja la kuchaguliwa, Nkasi Kaskazini. Nani angeuliza bungeni kwa nini supamaketi zimeachwa? Tena tazameni tarehe. Rais alilifunga Bunge Juni 27. Amri ikatoka Julai 28. Agosti 3 Bunge likavunjwa. Kwa utaratibu wetu, kanuni za waziri hufikishwa mezani pa Bunge, nalo lina uwezo wa kuzikataa. Meza ilikuwa imekunjwa. Maisha ya watu yamebadilishwa kwa sahihi moja, miezi mitatu kabla ya Oktoba 29, 2025, katika uchaguzi ambao sisi tulizuiwa kushiriki, Mwenyekiti wetu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na Mahakama Kuu ikiwa imezuia shughuli za chama tangu Juni 10, 2025. Na sisi katika hali hiyo tunapiga makofi?

Linganisheni na Oktoba 1961. Muswada wa uraia ulikuwa mbele ya Bunge, na wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Mwafrika tu. Nyerere alisimama akawakemea kwa maneno makali ambayo hadi leo yanauma kuyasoma, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kugawa watu kwa rangi. Karibu wote mle ndani walikuwa wa chama kimoja, na bado lilijadiliwa jambo, kwa sauti, mbele ya nchi. Kutokana na uamuzi ule tulimpata Amir Jamal kwenye Wizara ya Fedha. Sasa leo tuna vyama vingi kwa mujibu wa sheria, na hatuwezi kujadili leseni ya saluni.

Kuna jambo jingine nataka kulisema kwa upole kwa sababu linatuhusu sisi ndani ya nyumba. Septemba 7, 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma. Alitibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji, na huko Ubelgiji aliishi kwa miaka. Godbless Lema Novemba 2020 alivuka kwenda Kenya na familia yake, Kanada ikawapokea. Viongozi wetu hao walikuwa wageni. Walipanga nyumba kwa watu, watoto wao wakakaa kwenye madarasa ya watu, wakatembea na vibali vya watu. Hakuna Mbelgiji aliyesimama mlangoni akasema huyu kaja kula cha kwetu, au kama alikuwepo, sheria ilimnyamazisha. Mnaposhangilia mgeni kufukuzwa, jiulizeni mnashangilia dhidi ya nani.

Na Mei 2025 mliona. Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria wa Kenya, alikuja kufuatilia kesi ya Lissu, akarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu, naye akazuiwa. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire walikamatwa, na wakaja kusema wenyewe waliyotendewa. Tukapiga kelele, na tulikuwa sahihi. Tulisema Afrika Mashariki ni moja. Tulisema kuna Jumuiya, kuna mikataba. Haya, Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inazungumzia pia haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine. Ibara ya 13. Kweli nchi ziliachiwa jedwali la kufungua sekta kidogo kidogo, na mwanasheria wa serikali atajificha humo. Lakini kurudi nyuma siko kufungua kidogo kidogo. Waziri wa Biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, alilalamika hadharani, na wapo kwetu waliomjibu kwa matusi. Dada zetu wako Muscat, kaka zetu wanasuka nywele Nairobi, wanauza Lubumbashi. Siku Kenya ikiandika amri yake, nani atakwenda Namanga kuwapokea, Waziri? Hatuwezi kuitaka Jumuiya Mei tukaikataa Julai.

Najua swali linalokuja. "Sawa dada, wewe mwanasheria wa mwaka wa tatu, kwa hiyo Mchina aendelee kuuza soksi Kariakoo?" Nitajibu. Kama ana kibali, ana TIN, anatoa risiti ya mashine kama anavyolazimishwa Mmbena wa jirani yake, na kontena lake limelipiwa ushuru kwa thamani halisi, basi auze. Kinachompa bei ya chini kuliko yako mara nyingi ni karatasi za uongo bandarini, na zile hazikusainiwa na Mchina peke yake. Weka mtaji wa chini unaoeleweka, weka masharti ya kuajiri na kufundisha, weka wakaguzi. Halafu umfute leseni anayevunja, mmoja mmoja, kwa jina, mbele ya hakimu. Hiyo ni kazi ngumu na haina picha nzuri ya kuweka kwenye kampeni, ndiyo maana haikufanywa.

Zuio la mahakama la 2025 lilitukataza mikutano, halikutukataza kufikiri. Nimeandika hoja ya kurasa nne kwa ajili ya baraza la vijana la jimbo la Kibaha Mjini, na siku milango ikifunguliwa naileta. Inataka sera ya uhamiaji ya chama iandikwe na kujadiliwa peke yake, bila kusubiri idadi ya serikali. Kuna kipengele cha wakaguzi wa kazi Zegereni na Kwala, kuna cha wanunuzi wa mazao, kuna cha uraia pacha bila jina la kupamba. Mawili ya kwanza najua yatapita. La uraia pacha wazee wa tawi wameshaniambia litatuchoma kura, na mmoja amenipigia simu mara mbili akitaka nilitoe. Sijalitoa. Anayetaka kulisoma kabla, au kulipinga kwa maandishi, aniandikie hapo chini, nitamtumia nakala.